Baron von Steuben, Mwalimu wa Askari

Wasikilizaji wangu, jioni ya leo nataka kuwapa habari za Mjerumani mmoja aliyeishi katika karne ya kumi na nane, jina lake Friedrich Wilhelm von Steuben. Hakuwa mfalme, wala hakuna vita kubwa iliyoitwa kwa jina lake. Katika jeshi la nchi yake hakupata kukipita cheo cha kapteni, na alipoondolewa jeshini alikuwa hajatimiza bado miaka 33. Tena alipokwenda ng'ambo kutafuta kazi, alitanguliwa na barua yenye uongo ndani yake. Walakini mtu huyo, kwa muda wa miezi michache tu, aliligeuza kundi la watu wenye njaa na matambara likawa jeshi.

Kazi yangu mimi ni kuwafundisha vijana wapate kuwa walimu, na kwa sababu hiyo habari za Steuben zanigusa sana. Watu humhesabu kuwa askari. Mimi naona kwamba kwanza alikuwa mwalimu, na ya kwamba namna yake ya kufundisha ndiyo iliyomwokoa na aibu ya cheo asichokuwa nacho.

Siku zile Ujerumani haikuwa dola moja. Ilikuwa nchi ya falme na miliki nyingi, kubwa na ndogo, kila moja ina mtawala wake. Katika hizo, Prussia ndiyo iliyokuwa ikiinuka kwa nguvu, na nguvu yake ilikuwa ni jeshi lake. Steuben alizaliwa huko Prussia, katika mji wa Magdeburg, tarehe 17 Septemba 1730. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, fundi wa kujenga ngome, na alipokwenda kutumika Urusi mtoto alifuatana naye. Waliporudi, kijana alisomeshwa na mapadre Wajesuiti katika mji wa Breslau, akajifunza hesabu na lugha ya Kifaransa. Alipopata umri wa miaka kama kumi na saba aliandikwa katika jeshi la Mfalme Frederick wa Pili, yule aliyeitwa Frederick Mkuu.

Lile neno "von" katika jina lake ni alama ya ukoo wa kibwanyenye kwa Wajerumani. Lakini ukoo wao haukuwa na haki ya zamani ya neno hilo. Babu yake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, ndiye aliyeanza kulitia katika jina. Twaona, basi, ya kuwa desturi ya kuazima heshima ilikuwamo nyumbani mwao kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1756 ilianza Vita ya Miaka Saba. Prussia ilipigana na Austria, Ufaransa na Urusi pamoja, na mara nyingi ilikuwa karibu kuangamia. Steuben alijeruhiwa penye vita ya Prague mwaka 1757, na tena penye vita ya Kunersdorf mwaka 1759. Mwaka 1761 alitekwa na Warusi, akapelekwa St Petersburg. Mwaka uliofuata malkia wa Urusi alifariki, na mfalme mpya, aliyempenda sana Frederick, akafanya amani. Steuben akafunguliwa, akarudi kwao, akawekwa miongoni mwa maofisa waliokaa karibu na mfalme. Hata akachaguliwa pamoja na maofisa wachache ambao Frederick aliwafundisha mwenyewe elimu ya uongozi wa vita.

Hapo ilionekana kana kwamba njia ya vyeo imefunguka. Lakini vita ilipokwisha mwaka 1763, jeshi lilipunguzwa, na maofisa wengi wakaachishwa kazi. Steuben naye akaachishwa, kapteni asiye na shamba wala akiba.

Alipata kazi mwaka 1764 katika miliki ndogo ya Hohenzollern-Hechingen, kusini ya Ujerumani, akawa msimamizi wa nyumba ya mtawala. Huko ndiko alikoanza kuitwa Baron, na mwaka 1769 mtawala wa Baden akampa nishani yenye nyota, ambayo aliivaa kifuani maisha yake yote. Lakini nyota hailipi deni. Bwana wake alikuwa amezama katika madeni, na mshahara ulikuwa mdogo. Mwishowe Steuben aliondoka, akabisha hodi katika majeshi ya watawala mbalimbali, asipokewe. Zaidi ya hayo, watu walinong'ona juu ya mwenendo wake, mashtaka ambayo hayakufikishwa mbele ya hakimu ye yote, lakini yalitosha kumfungia milango. Katika mwaka 1777 alifika Paris, umri wake miaka 46, hana kazi, hana fedha.

Sasa lazima tuvuke bahari kwa fikira. Katika Amerika ya Kaskazini makoloni 13 ya Uingereza yalikuwa yamekwisha anza vita na serikali ya Mfalme George wa Tatu tangu mwaka 1775, na mwaka 1776 yakatangaza uhuru wao. Mjumbe wao katika Paris alikuwa mzee Benjamin Franklin. Jemadari wao, George Washington, alikuwa na watu wengi mashujaa, lakini wachache sana waliojua kazi ya askari. Waziri wa Vita wa Ufaransa, Saint-Germain, aliyefahamu ubora wa jeshi la Prussia, aliona kwamba Steuben angefaa huko.

Kulikuwa na shida moja. Baraza la Marekani lilikuwa limechoka na maofisa wa Ulaya waliofika kila mwezi wakidai vyeo vikubwa na mishahara minono. Nani angemwajiri kapteni aliyeachishwa kazi miaka kumi na minne nyuma? Basi Franklin na mwenziwe Silas Deane wakaandika barua kwa Washington, wakamtaja Steuben kuwa alikuwa luteni jenerali katika utumishi wa Mfalme wa Prussia. Kutoka kapteni hata luteni jenerali ni ngazi ndefu sana, na Steuben aliiruka yote kwa barua moja. Yeye hakuisahihisha.

Wasikilizaji wangu, mimi siwezi kuuita uongo huo kwa jina jingine. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri. Lakini tazameni jambo alilofanya mara alipofika. Hakudai cheo wala mshahara. Aliwaambia wazee wa Baraza kwamba atatumika kwa hiari yake, apewe gharama za maisha tu. Wakishinda, wamlipe wapendavyo, na wakishindwa, hana dai. Wale waliozoea maofisa wenye kudai walimpokea kwa furaha.

Tarehe 23 Februari 1778 alifika katika kambi ya Valley Forge, kiasi cha maili ishirini kutoka mji wa Philadelphia, uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Askari kama 12,000 walikuwa wameingia katika kambi ile mwezi wa Desemba, wakajenga vibanda vya magogo. Nyama ilikosekana, viatu vilikosekana, blanketi zilikosekana. Walakini hawakuuawa na adui. Katika miezi ile sita watu karibu 2,000 walikufa kwa maradhi: homa ya chawa, kuhara damu, homa ya mapafu. Mizoga ya farasi ililala kambini, na watu walijisaidia po pote walipotaka.

Steuben alizunguka kambi yote, akatazama kila kitu. Aliona bunduki zenye kutu. Aliona singe, ambazo katika jeshi la Prussia ndizo silaha za kuogofya kuliko zote, zikitumiwa kuwa vijiti vya kuchomea nyama motoni. Aliona regimenti moja ina watu wengi na nyingine ina wachache, na hapana ofisa aliyeweza kusema kwa hakika ana watu wangapi na bunduki ngapi. Kila kikosi kilifuata kwata yake, hiki ya Kiingereza, hiki ya Kifaransa, hiki ya kubuni tu. Njiani walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, hata msafara ukawa mrefu mno. Wa mbele wakikutana na adui, wa nyuma wako mbali bado.

Mtu mpumbavu angalianza kwa kuwatukana, au kwa kuwapa kitabu chote cha Prussia wakimeze. Steuben alipunguza. Alichagua mambo machache yaliyo ya lazima: kusimama, kwenda kwa hatua moja, kugeuka, kujipanga kutoka msafara hata safu ya vita, kushindilia baruti kwa mdeki na kupiga kwa pamoja, na kutumia singe. Mengine yote aliyaacha. Kwa kuwa hakujua Kiingereza, aliandika masomo yake usiku kwa Kifaransa. Karani wake kijana, Pierre Duponceau, aliyafasiri. Na maofisa wa Washington, kama Alexander Hamilton na John Laurens, waliyasawazisha. Kisha kila regimenti ilipata nakala iliyoandikwa kwa mkono. Somo la leo lilikuwa limeandikwa jana usiku.

Wala hakuanza na jeshi zima. Alitwaa watu kama mia, pamoja na walinzi wa Washington, akawafanya darasa la mfano. Mwezi wa Machi alianza kuwafundisha mbele ya macho ya watu wote. Katika jeshi lile, kama katika jeshi la Kiingereza, ilikuwa desturi ofisa akae mbali, kazi ya kwata iachiwe sajini. Steuben, mwenye nyota kifuani, alishika bunduki kwa mikono yake, akaonyesha mwenyewe. Maofisa walikuja kutazama, wakaona haya, wakashuka uwanjani. Walipofahamu wale mia, walitawanywa kufundisha wengine, na hao wakafundisha wengine, hata ikawa uwanja mzima ni shule. Sisi tulio katika vyuo vya ualimu twaijua njia hiyo.

Alikuwa mkali, na hasira zake zilikuwa karibu. Alilaani kwa Kijerumani, na Kijerumani kilipomwishia alilaani kwa Kifaransa. Siku moja askari walichanganyikiwa kabisa, naye hana maneno ya kuwafahamisha. Kapteni mmoja, jina lake Benjamin Walker, akatoka safuni, akasema naye kwa Kifaransa na kutaka kumfasiria. Tangu siku hiyo Walker alikaa naye, na mara kwa mara Steuben alimwita aje awalaani askari kwa niaba yake kwa Kiingereza. Askari walicheka, na yeye alicheka, na kazi iliendelea. Tena aliwakaribisha maofisa vijana kula nyumbani kwake, kwa sharti kwamba mtu mwenye suruali nzima asiingie. Wakala nyama ngumu na viazi katika matambara yao, wala hapana aliyemwonea mwenziwe haya.

Lakini siri kubwa ya kazi yake ni nyingine. Alimwandikia rafiki yake wa zamani wa Ulaya kumweleza tofauti aliyoiona. Kwao, alisema, ofisa humwambia askari afanye jambo, naye hulifanya. Lakini huku imenipasa kwanza nimweleze sababu kwa nini jambo hilo lifanywe, ndipo atakapolifanya. Ofisa mwingine wa Prussia angaliona haya kukiri neno hilo, maana kwao kueleza sababu kulikuwa kupungukiwa na amri. Steuben hakuona haya. Alikuwa na umri wa miaka 47, alikuwa amelelewa katika jeshi kali kuliko yote ya Ulaya, na hata hivyo alikubali kujifunza kutoka kwa wanafunzi wake.

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Niliwaamuru watoto wa shule wachemshe maji ya kunywa. Waliitika, "Ndiyo, Mwalimu," nami nilipogeuka wakaenda kunywa ya mtoni. Nikaongeza adhabu, wakaongeza hila. Siku moja nilijaza maji ya mto katika chupa nyeupe, nikaiacha darasani usiku kucha. Asubuhi waliona takataka iliyotuama chini na vidudu vikiogelea juu yake. Nikawaeleza ya kwamba viko na vingine visivyoonekana kwa macho, na jinsi vinavyoingia tumboni. Tangu siku ile hapakuwa na haja ya kiboko. Ndivyo alivyofanya Steuben na vyoo vya Valley Forge: aliagiza vichimbwe mbali na vibanda, na majiko yawekwe upande wa pili wa kambi, na makao yakaguliwe. Sheria hiyo nayo ilikuwa silaha, kwa kuwa maradhi yalikwisha ua watu wengi kuliko risasi.

Miongoni mwa wale waliojifunza katika jeshi lile walikuwamo watu weusi pia, wenye asili ya bara letu la Afrika, baadhi yao watu huru na wengine watumwa. Hesabu iliyofanywa mwezi wa Agosti 1778 yataja watu weusi 755 katika jeshi la Washington. Jimbo la Rhode Island lilikuwa limeahidi uhuru kwa mtumwa atakayeandikwa askari. Lakini nchi waliyoipigania iliwaacha ndugu zao wengi katika utumwa hata mwaka 1865.

Tarehe 5 Mei 1778 Steuben aliwekwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa jeshi, mwenye cheo cha meja jenerali. Cheo hiki hakikuwa cha kuazima. Mtihani haukukawia. Tarehe 20 Mei, mahali paitwapo Barren Hill, kikosi cha kijana Lafayette, watu kama 2,200, kilikaribia kuzingirwa na Waingereza. Kikajipanga kwa utaratibu, kikapita upesi, kikaokoka. Tarehe 28 Juni, penye vita ya Monmouth, askari wa mbele walirudi nyuma kwa fadhaa siku ya joto kali. Mwaka uliotangulia wangalitawanyika. Safari hii walijipanga tena, wakasimama mbele ya askari hodari wa Uingereza hata jua likachwa. Na mwezi wa Julai 1779 walishika ngome ya Stony Point usiku, kwa singe tu, zile zile za kuchomea nyama.

Wakati wa baridi wa mwaka 1778 na 1779 Steuben alikusanya masomo yake katika kitabu. Kwa sababu ya jalada lake watu walikiita Kitabu cha Buluu, na kilitumika hata wakati wa vita ya mwaka 1812. Ndani yake mna kwata, hesabu za vifaa, na kazi ya kila cheo. Askari aende hatua 75 kwa dakika katika mwendo wa kawaida, na 120 katika mwendo wa haraka. Lakini mna na agizo ambalo halikuwamo katika uwanja wa Prussia: kapteni amjue kila askari wake kwa jina na tabia, awatembelee wagonjwa, na kupata upendo wao kwa kuwatendea wema.

Si haki kumsifu mtu na kuficha makosa yake. Mwaka 1781, alipokuwa Virginia akikusanya askari na vifaa, aligombana na wakubwa wa jimbo, akachukiwa kwa ukali wake. Mwezi wa Juni, mahali paitwapo Point of Fork, alidanganywa na ofisa Mwingereza aliyejifanya kuwa na jeshi kubwa. Steuben akaondoka, na vifaa vingi vikapotea. Katika Virginia hakuwa na subira ile aliyokuwa nayo Valley Forge, wala hapakuwa na matunda.

Lakini mwaka huo huo, penye mazingiwa ya Yorktown, aliongoza divisheni, akitumia ujuzi wa kuzingira ngome alioupata Ulaya. Tarehe 17 Oktoba, Jenerali Cornwallis alipoleta neno la kutaka kusalimu amri, zamu ya mahandaki ilikuwa ya Steuben. Lafayette alikuja kupokea zamu, na Steuben akakataa kuondoka. Alisema kwamba kwa desturi ya vita mtu aliyepokea neno la kwanza la amani hukaa hata liishe. Akakaa. Tarehe 19 Oktoba Waingereza wakaweka silaha chini.

Vita ilipokwisha, Washington alirudisha madaraka yake kwa Baraza tarehe 23 Desemba 1783. Siku hiyo hiyo, kabla hajawa raia wa kawaida, aliandika barua yake ya mwisho akiwa jemadari mkuu, na aliyeandikiwa ni Steuben. Humo alimshukuru kwa bidii yake na kazi aliyoitenda. Kwa barua moja ya uongo alikuwa ameingia Marekani, na kwa barua ya kweli alitolewa jeshini.

Aliacha utumishi mwaka 1784, akapata uraia. Fedha hakuzijua kamwe. Alikuwa mkarimu kupita mali yake, akaishi na wadai mlangoni. Jimbo la New York lilimpa ekari 16,000 za msitu, na mwaka 1790 Baraza lilimwekea dola 2,500 kila mwaka. Alijenga nyumba ya magogo katika msitu ule, kama vile vibanda vya Valley Forge, na humo akafa tarehe 28 Novemba 1794. Hakuwa na mke wala mtoto. Mali yake aliwaachia vijana wawili waliokuwa maofisa wake, na mmojawapo ni yule Walker aliyetoka safuni.

Wasikilizaji wangu, wako watu wengi walioingia kazini kwa cheti kilicho kikubwa kuliko wao, na wengi wao hutumia maisha yao kukilinda cheti. Steuben alitumia maisha yake kukilipa. Kila asubuhi aliingia uwanjani kabla ya askari wake, akashika bunduki, akawaeleza sababu. Baada ya mwaka mmoja, mtu aliyetaka kujua kama kweli alikuwa luteni jenerali kwao Prussia aliweza kuwatazama askari wake wakipita, na swali lenyewe likakosa maana. Wazee wetu walikwisha lisema jambo hili kwa maneno machache kuliko yangu: mwungwana ni kitendo.